Tuliposhuka na Mama Kutafuta Hewa

Baba mdogo ndiye aliyenipigia simu. Ni mdogo wa marehemu baba, na shamba lake linapakana na la mama kwenye milima iliyo juu ya Kirumba, kule ambako ukungu hauondoki mpaka jua limekuwa kali. Si mtu wa simu. Akikupigia, ujue amepanda mpaka kileleni kutafuta rezo, mtandao wa simu.

"Mama yako hapana muzima," aliniambia. "Anapumuzika mingi mu njia. Zamani alikuwa anapanda na kikapo ya viazi, anatuacha sisi banaume nyuma. Sasa anatoka ku mutoni na kabido kadogo ka mayi, anaikala chini mara na mara. Kuya umuchukue."

Mimi ni binti yake, mshonaji, nina chumba kando ya barabara hapa Butembo. Ilikuwa majira ya kushona nguo za shule, mashati meupe yamejaa mezani mpaka sikuwa na mahali pa kuweka mkasi. Niliyaacha vile vile, nikafunga mlango.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kizingiti cha jiko lake, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda karibu na masikio kama ya mtu anayesikia baridi. Nyuma yake moshi ulikuwa unatoka taratibu kwenye majani ya paa. Jiko lile halikuwa na dirisha. Tulizaliwa tukalikuta hivyo, na mama alikuwa akipikia humo tangu alipoolewa.

"Nani alikuita?" aliniuliza.

"Baba mudogo."

"Ule naye, mudomo yake!" Alitaka kucheka, lakini cheko likageuka kikohozi, na alipomaliza kukohoa hakukumbuka tena alichotaka kusema.

Tukashuka naye Butembo. Ninasema kushuka kwa sababu kwake Butembo ilikuwa bondeni. Kwangu mimi, kama kwa watu wengi wa hapa, Butembo ni mji wa juu, mji wa baridi asubuhi na sweta mpaka saa nne. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba juu na chini vinategemea mtu anatoka wapi.

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke, kijana kuliko mimi, aliyezungumza polepole, akichomeka Kifaransa hapa na pale, mais kwa lakini, donc kwa kwa hiyo. Alimwekea mama kibanio kidogo kwenye kidole. Kilikuwa kinang'aa kwa mwanga mwekundu, na namba za oksijeni ya damuni zilizotokea juu yake hazikumpendeza daktari. Alikitoa, akamsugua mama kidole kwa kuwa kilikuwa cha baridi, akakiweka tena. Bado hazikumpendeza.

"Mama, umepika na kuni miaka mingi?" aliuliza.

"Na bantu banapikaka na nini?" mama akamjibu.

Daktari alicheka. Kisha akasikiliza kifua chake mgongoni na mbele, muda mrefu, akatueleza kwamba mapafu yalikuwa yameharibika kwa moshi. Hayatarudi kuwa mapya. Dawa zitasaidia kufungua njia za hewa, lakini tatizo lingine ni mahali anapoishi.

"Kule kwake ni juu sana," aliniambia mimi, maana mama alikuwa amefumba macho. "Hata hapa Butembo bado ni juu. Bantu banafikiri kule ku mulima oksijeni ni kidogo ndani ya hewa. Hapana. Sehemu yake ni ile ile, hapa, Beni, hata Kisangani. Mais hewa iko na uzito. Ile ya juu inakandamiza ile ya chini. Ukipanda mulima, ile inabakia juu ya kichwa yako ni kidogo, donc ile unavuta haikandamizwe tena sana. Inapanuka, inakuwa nyepesi. Unavuta pumuzi, kifua kinajaa, mais oksijeni inaingia ni pungufu. Kwako wewe si kitu, mwili yako inajua namna ya kufanya. Kwa mama, mapafu imekwisha kuchoka."

Nilielewa kwa njia ya kazi yangu. Kwenye depo ninakonunua vitambaa, balo za nguo kuukuu, yale marobota ya mitumba, hupangwa moja juu ya nyingine mpaka karibu na mabati. Ile ya chini kabisa imebanwa hata kidole hakiingii. Ile ya juu imevimba, laini, unaweza kuilalia. Balo ni zile zile.

"Akiishi Beni atapona?" niliuliza.

"Kupona, hapana. Atapumua muzuri kidogo kuliko hapa. Kule ni chini." Halafu akaviringisha mpira wa kifaa chake cha kusikilizia. "Mais siwezi kukuambia: enda Beni. Wewe mwenyewe unajua hali ya Beni."

Nilijua. Sote tulijua. Watu walikuwa wanapanda kutoka Beni kuja Butembo, hawakuwa wanashuka. Wenzao waliuawa mashambani kwa mapanga, wakilima au wakivuna, na waliobaki walibeba magodoro kichwani wakaja kulala kwenye madarasa ya shule zetu. Na mimi natakiwa kumpeleka mama kule kwa sababu ya hewa.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaishi Beni na mke wake na watoto. Alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau. Nilipompigia hakusita hata kidogo. "Mulete," alisema. "Hapa katikati ya mji kuko utulivu kidogo. Tutapanga."

Mama ndiye aliyekataa. Alikaa kwangu wiki kadhaa, nimempangia mito mitatu kitandani ili alale nusu ameketi, na kila nilipotaja Beni aligeuza uso. Kule kuna joto. Kule kuna mbu. Kule watu hawajui kupika maharagwe. Hakutaja vita hata mara moja. Sijui kama alikuwa ananificha woga wake au kama kwa kweli mbu walimsumbua zaidi. Kisha asubuhi moja ya baridi kali alishindwa kufika chooni, ambacho ni hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilimkuta ameshika ukuta. Alipoweza kusema, alisema, "Nipeleke."

Tulipata gari dogo la mtu tunayesali naye. Mama aliketi mbele, mimi nyuma na mizigo. Barabara inapotoka Butembo kuelekea Beni haishuki mara moja. Inapanda, inashuka, inakudanganya. Mikaratusi kwanza, halafu migomba, halafu michikichi inaanza kuonekana, na mtu anafungua vifungo vya sweta bila kuambiwa. Masikio yangu yaliziba. Nilimeza mate, yakazibuka kwa kishindo kidogo, yakaziba tena. Chupa ya plastiki ya maji, ambayo mama aliinywa ikaisha tulipokuwa tunaondoka, na nikaifunga vizuri, ilikuwa miguuni mwangu. Tulipofika chini niliiokota ili niitupe nikaona imebonyea ubavuni, kana kwamba mtu ameikamata kwa nguvu. Hakuna aliyeigusa. Hewa nyepesi ya Butembo ilikuwa bado imefungiwa ndani, na ile nzito ya nje ilikuwa inaibana. Nilimwonyesha mama. Aliitazama tu, akanirudishia.

Kwenye baryeri moja, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi aliinama dirishani, akanyooshea mama kidole. "Mama azali kobela?" aliuliza kwa Kilingala chao, kama mama ni mgonjwa. Niliitika. Akatupisha bila kudai kitu, jambo ambalo lilinishangaza kiasi kwamba nilisahau kumshukuru.

Karibu na kuingia mjini mama alifungua kioo chake mpaka chini. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Hewa ya huku ni kama uji," alisema.

Sitaki kudanganya kwamba alipona. Lakini baada ya siku kadhaa mabega yake yalishuka, nami ndipo nilipogundua jinsi yalivyokuwa yamepanda. Midomo ilipata rangi. Tulikuwa tumenunua kile kibanio cha kidole, na mdogo wangu alikiita televizyo ya mama, kwa sababu watoto walikusanyika kukitazama kila jioni kabla ya sala. Namba zilikuwa nzuri kuliko za Butembo. Mama akaanza kumenya makemba, ndizi za kupika. Akaanza kutembea mpaka kanisani mwenyewe, akipumzika njiani kwenye benchi ya muuza makaa. Siku nilipomsikia anamgombeza mke wa mdogo wangu kwamba sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, haina chumvi, nilijua ninaweza kurudi kwenye mashati yangu.

Ilidumu kidogo. Upande wa Mbau mambo yaliharibika. Mdogo wangu aliacha kwenda shambani, kakao ikaiva ikakauka mtini. Jirani yake wa shamba alikwenda na mke wake kuvuna, wakarudishwa wamefunikwa kwa mashuka. Halafu wauaji wakasogea karibu na mji. Asubuhi moja mtaa mzima ulikuwa nje unafunga mizigo, na mdogo wangu akanipigia: "Tunapanda. Tunakuya wote kwako."

"Na mama?"

"Mama anakataa."

Nilimwomba ampe simu. Nilisikia kelele za watoto na kuku, na pumzi za mama karibu na sikio langu.

"Mupande ninyi," alisema. "Mimi nabakia na nyumba."

"Mama, batakuua."

"Na kule juu?"

Mdogo wangu hakusubiri jibu langu. Walimbeba. Baadaye aliniambia kwamba walipoanza kupanda mama aliacha kuzungumza, na karibu na Butembo alikuwa amejishikilia kwenye dashibodi kwa mikono miwili, kama mtu anayesukuma gari. Hawakuja kwangu. Walikwenda moja kwa moja hospitalini, na mimi niliwakuta kule.

Manesi walimfunga mama kwenye mashine inayochukua hewa ya kawaida, inaichuja, inabakisha oksijeni na kuipitisha kwenye mrija mwembamba puani. Inanguruma kama friji ya zamani. Mradi inanguruma unaweza kusinzia. Siku ya tatu au ya nne, mchana, ilinyamaza. Umeme ulikuwa umekatika, na grupu, jenereta ya hospitali, iligoma kuwaka. Tulisikia mtu akivuta kamba nje, anavuta, anapumzika, anavuta tena. Nesi alitafuta chupa ya oksijeni, akarudi mikono mitupu. Akamketisha mama, akamwegemeza mbele juu ya mto, akamwambia, "Mama, vuta na pua. Toa na kinywa polepole, kama unapuliza uji ya moto."

Mama hakuwa anasikia. Macho yake yalikuwa yamepanuka, yananitazama bila kuniona. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikaanza kupuliza uji ambao haukuwepo. Nikavuta kwa pua, nikapuliza. Nikavuta, nikapuliza. Hakunifuata mwanzoni. Kisha midomo yake ikajikusanya kidogo. Tulipuliza hivyo pamoja, uso kwa uso, mpaka kizunguzungu kikanishika mimi mzima, na nje yule mtu akaendelea kuvuta kamba yake. Nesi alikuwa amesimama nyuma ya mama, amemwekea kiganja mgongoni. Mashine iliporudi kunguruma hakuna aliyeshangilia. Nesi alikaa chini sakafuni.

Yule daktari alikuja akatukuta hivyo. Alimpima mama, akaniita kando ya mlango.

"Hapa anaishi na mashine," alisema. "Na mashine inaishi na umeme."

Miji yetu miwili haiko mbali, gari likienda vizuri unafika kabla chakula hakijapoa. Mmoja una amani kidogo, mwingine una hewa kidogo zaidi.

Mama mwenyewe aliamua, alipopata nguvu ya kuketi. Mdogo wangu na mimi tulikuwa kando ya kitanda. "Nirudisheni Beni," alisema. "Na musinipandishe tena nikiwa muzima. Nikikufa, munipandishe mpaka kwa baba yenu. Pale siwezi tena kuomba hewa." Mdogo wangu alitazama dirishani. Mama akamgusa mkono. "Nilisema neno mubaya?"

"Hapana, mama."

Hali ilipotulia tukashuka. Mke wa mdogo wangu alikataa kurudi na watoto, na sikumlaumu. Walibaki kwenye chumba changu Butembo, wamejibana katikati ya vitambaa. Mimi nikachukua cherehani yangu nikaenda Beni. Kwa hiyo familia ikagawanyika hivyo: wanaotafuta usalama juu, anayetafuta pumzi chini, na mdogo wangu kwenye barabara katikati, akipanda na kushuka na mifuko ya unga, mpaka sura yake ikawa ya mzee.

Beni sikuwa na wateja. Nilishona viraka vya badeplase, nguo za watu waliokimbia na kile walichokuwa wamevaa. Mama aliketi karibu yangu mlangoni, akinipitishia uzi kwenye tundu la sindano, maana macho yake yalibaki mazuri kuliko yangu. Ikisikika milio ya risasi kwa mbali aliniuliza, "Inakaribia?" Nikimjibu hapana, aliendelea na uzi wake. Kuna siku hakuniuliza. Kuna siku mimi mwenyewe sikusikia. Tulikuwa tumechoka hata kuogopa.

Halafu vita nyingine, ya upande wa kusini, ikafika Kayna, ikafika Kirumba. Baba mdogo akakimbia na watu wake, wakatembea mpaka Lubero, wakapata lori la kuwafikisha Butembo. Alipiga simu akasema nyumba ya mama ilikuwa bado imesimama alipoiacha, lakini hakujua nani analala ndani. Nilimwambia mama nusu tu ya habari hiyo. Alinitazama akajua nusu nyingine.

Alifariki asubuhi, baada ya mvua fupi. Alikunywa chai, akaomba nimtoe nje kwenye kiti kwa kuwa ndani kulikuwa na joto. Nilikwenda kuleta mto wa mgongoni. Niliporudi alikuwa ameinamisha kichwa, na nilidhani amesinzia, nikaanza kumwekea mto taratibu ili nisimwamshe.

Swali la kumpandisha lilikuja kabla machozi hayajakauka. Kwetu mtu hulala kwenye ardhi yake, na yeye alikuwa amesema kwa kinywa chake. Mdogo wangu alimpigia baba mdogo, akaweka sauti juu ili sote tusikie.

"Baba mudogo, mama alitaka kulala kule ku mulima."

Nyuma ya baba mdogo tulisikia watu wengi, watoto, masufuria. Alikuwa kwenye shule ya badeplase.

"Njia imefungwa," alisema. "Hata mimi mwenyewe, nikikufa leo, hawatanipeleka. Mumulalishe kule kule."

"Alituomba."

"Najua. Mumulalishe. Mimi nakuya."

Alikuja kweli, kwa pikipiki, mzee yule, akashuka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulimzika mama kwenye makaburi ya Beni, kati ya watu tusiowajua, wengi wao vijana. Katekista aliongoza sala. Walipokwisha kufukia, baba mdogo alibaki amesimama, ameshika kofia. Alizungumza kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, si na sisi, bali na marehemu kaka yake. Alimwambia: mke wako tumemwacha chini, tulitaka kumleta, njia imekataa, usimngojee mlangoni. Akaita jina la Nyamuhanga, Mungu wa mababu zetu, akavaa kofia. Mdogo wangu alilia wakati ule, kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa ninafikiri kwamba mto wa mama bado uko nje kwenye kiti, na mvua inaweza kurudi.

Mdogo wangu amebaki Beni. Anasema kakao haina mtu mwingine. Mke wake hushuka kumwona, na watoto wanasoma Butembo.

Mimi nilirudi Butembo na cherehani yangu. Siku za kwanza nilihema kwenye miinuko ya mji wangu mwenyewe. Nikitoka sokoni na fungu la vitambaa, ninasimama, ninaweka chini, moyo unapiga. Mteja mmoja aliniuliza kama nina ujauzito. Yule daktari nilikutana naye njiani, akanipa pole, nikamweleza, akasema mwili uliokaa chini muda mrefu lazima ujifunze tena juu, utengeneze damu zaidi, nisiharakishe. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba ilikuwa uchovu tu, maana tofauti kati ya Beni na hapa si kubwa kwa mtu mzima.

Kisha hali hiyo ikapita. Majira ya nguo za shule yamefika tena na mashati yamejaa mezani, mengi ya watoto waliotoka Kirumba na Kayna. Mama zao huniambia niache pindo refu chini, ili wakirefuka tulifungue. Ninaacha.